Chumba cha Mama Mkwe

Wapendwa, mwangaluka. Nitasimama kidogo tu, maana nikikaa sana hapa mbele nitalia.

Mama mkwe wangu alipooza upande mmoja akiwa kwake kijijini, Sola. Mume wangu anafanya kazi mbali, tukakubaliana nimlete kwangu hapa Bariadi. Nyumba yetu ni ndogo, ikabidi mama alale sebuleni, nyuma ya pazia. Mzazi mzima anaogeshwa nyuma ya pazia huku wageni wanapiga hodi! Ndugu zangu, nawaambia, iliniuma. Nikaita fundi tumwongezee chumba upande wa uani.

Kuta zilipofika kwenye lenta, juu ya madirisha, jirani yangu akaenda halmashauri kulalamika kwamba nimemsogelea. Kibali nilikuwa nacho, lakini afisa alikuja akaandika ukutani kwa rangi nyekundu: SIMAMISHA UJENZI. Salamu zikafa. Bombani tulipanga foleni moja, kila mtu anaangalia ndoo yake. Kwenye kikao cha mtaa alisema, nikasema, tukapaza sauti, tukatoka kama tulivyoingia. Mvua zikaanza, zikanyeshea kuta zisizo na bati. Nilifika mahali nikamwomba Mungu anihamishe mtaa.

Siku moja nilikuwa sokoni. Mama akajaribu kusimama peke yake, akaanguka, akapiga kelele. Niliporudi nikamkuta jirani yangu amekaa sakafuni, amempakata mama kichwa. Alikuwa ameparamia ukuta uleule wa ugomvi, gauni limechanika.

"Hajavunjika, nimemwangalia," akasema. Kisha akatazama pazia, akaniita mama kwa Kisukuma. "Mayu, kumbe mama analala hapa?"

"Hicho chumba ni chake."

Akamfuta mama vumbi usoni. Halafu akasema taratibu, "Mimi sikatai chumba. Nakataa maji. Paa lako litamwaga kwangu, na jiko langu ni la tofali mbichi. Likianguka, wanangu wamo ndani."

Jamani! Kikao kizima tulizungumzia mipaka na vibali. Hofu yake sikuwahi kuisikia, na yeye hakuwahi kumwona mgonjwa wangu.

Tulimwita fundi pamoja. Akageuza mteremko wa paa, maji yaangukie kwangu, tukachimba mfereji hadi barabarani. Jirani mwenyewe alikwenda ofisini kuondoa lalamiko. Afisa akaja, akakagua, akaruhusu. Siku ya kupiga bati, jirani huyohuyo ndiye aliyewapikia mafundi ugali na dagaa.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru ninyi mliokuwa mkija kumgeuza mama nilipochoka, na fundi wetu mwenye subira. Jirani simtaji, amekaa katikati yenu, na naona ameshainamisha kichwa. Dada, ubarikiwe.

Ninachowaomba ni hiki: ukigombana na jirani, kabla hamjafika ofisini, ingia kwake, ukae, umuulize anaogopa nini.

Mama yuko chumbani kwake sasa, dirisha liko wazi. Ulimi bado mzito, lakini asubuhi aliponiaga alinituma kwenu neno moja la shukrani, na hilo alilitamka vizuri kabisa: wabeja.