Mzee Mutiso wa Dirisha la Vidole

Tarehe 30 Juni 2026 Mzee Mutiso anafunga dirisha namba mbili na kurudi nyumbani kwake Mwingi, baada ya kutumikia ofisi yetu ya usajili hapa Garissa kwa miaka thelathini na mmoja. Dirisha hilo ni la alama za vidole. Ikiwa ulichukulia kitambulisho hapa, basi ni yeye aliyekushika mkono, kidole kimoja kimoja mpaka kumi, kisha akakupa sabuni na kitambaa ili usitoke nje na mikono myeusi kama fundi wa magari.

Mimi ni Muslimo, wa chai na usafi, mwaka wa kumi na tatu sasa. Bwana Koome, mkubwa wetu, alisema niandike mimi, maana hakuna kitu kilichokaa karibu na Mzee kuliko birika langu.

Aliripoti Mei 1995 akiwa kijana wa miaka ishirini na tisa. Wiki ya kwanza alikunywa maziwa ya ngamia vikombe vitatu kwa mpigo, aonekane ameshakuwa mwenyeji. Siku mbili hakuonekana kazini. Leo ukimpelekea chai ya maziwa ya ng'ombe, anauliza kama kuna msiba. Wateja wanamwita Abti, yaani mjomba kwa Kisomali chetu, upande wa mama. Hilo jina hatulitoi ovyo.

Mwenyewe hupenda kusimulia kosa lake la mwanzo. Alikuja mchungaji mmoja, Mzee Gelle, kutoka visimani. Mutiso akampaka wino, akabonyeza, karatasi ikatoka bila mistari, nyeusi tupu. Akadhani mzee anakaza mkono makusudi, akamrudisha. Mara ya pili vivyo hivyo, mara ya tatu vivyo hivyo, na kila safari ni mwendo wa siku mbili kwa miguu. Mara ya nne Mzee Gelle alikuja na kamba ya kuvutia maji kisimani, akaiweka juu ya meza.

"Alama zangu ziko kwenye hii," alisema. "Zichukue hapo."

Mutiso alitoka akaenda kuwauliza akina mama wa maziwa, mkono uliolika namna hii unatibiwaje. Wakamwambia samli. Akamtafutia mzee mahali pa kulala kwa jamaa yake mjini, wiki nzima asiguse kamba, kila jioni apake samli. Siku ya nane alama zikatoka, hafifu lakini zikatoka. Tangu hapo hakuna mtu aliyerudishwa kutoka dirisha hilo bila kuelezwa sababu na la kufanya. Kamba ya Mzee Gelle ingali ukutani, juu ya kiti chake.

Sasa niseme la kwangu, kwa sababu ndilo la wengi.

Ukame wa 2011 ulimaliza mifugo yetu yote. Kitambulisho mimi nilikuwa nacho tayari, lakini kitambulisho hakipikwi. Nilimchukua binti yangu Hani, miaka kumi na mmoja, nikampeleka kambi ya Dagahaley tukaandikwa pamoja na wakimbizi ili tupate unga na mafuta. Ni mimi niliyeshika mkono wake nikauweka juu ya mashine. Alipofika miaka kumi na minane akaja dirisha namba mbili, na kompyuta ikasema huyu ni mkimbizi, hapewi kitambulisho cha raia. Nilitaka ardhi inimeze. Mzee hakuniuliza kwa nini. Alimpa Hani sabuni, akachukua faili jipya, akaandika jina lake juu.

Kila mwaka tuliambiwa kamati inakuja kuwatoa watoto wetu kwenye orodha ya wakimbizi. Kabla ya uchaguzi wa 2022 tuliambiwa zaidi. Uchaguzi ukafika, kamati haikufika. Kwenye kichochoro chetu kuna nyumba tisa, na saba zina kijana anayesubiri. Siku ya kura, katika hizo saba hakuna aliyetoka. Hatukupanga. Kila mwenye kadi ya kitambulisho alijipata tu anafua nguo.

Kazi ziliporudi nilimpelekea Mzee chai. Yeye ni mtu wa kuangalia vidole, na changu hakikuwa na alama ya kura. Akauliza, "Mama Hani, wino uko wapi?"

Nikamwambia, "Kidole changu kinasubiri cha Hani."

Chai ile ilipoa. Tangu siku hiyo, wiki nzima, aliangalia kidole cha kila aliyekuja dirishani, na asiye na wino akamuuliza swali moja tu: kuna anayesubiri nyumbani? Kisha akawaandikia wakubwa barua ya kurasa mbili, kwa mkono. Alisema kwamba nyumba yenye mmoja anayesubiri, hata wenye kadi wanakaa. Ukichelewesha kijana mmoja, umepoteza wapiga kura wa nyumba nzima. Kuna waliomwambia hiyo si kazi yake, ashughulike na vidole. Akajibu kwamba hivyo ndivyo vidole anavyoshughulikia. Akaandika tena kila Januari.

Kamati ilikuja Machi mwaka huu. Sisemi ilikuja kwa barua zake; waliosema ni wengi, na yeye angeufuta mstari huu. Lakini walipoomba mafaili, kwake yalikuwa tayari, mia nne na zaidi, kila moja na barua ya chifu na cheti cha shule. La Hani lilikuwemo.

Jumanne iliyopita Hani aliitwa kutoa alama upya. Alikuja amepaka samli tangu Ijumaa, na yeye ni fundi wa cherehani, vidole vyake havina shida yoyote. Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Wanasema kadi itatoka baada ya siku tisini, na mimi siku nimezisikia nyingi. Nikamuuliza, ukienda nani atalifuata hili faili? Akamwita Ciku, anayechukua kiti chake, akamwonyesha faili lilipo, akamsimulia habari ya kamba. Halafu akanigeukia.

"Mama Hani, wewe usisubiri tena. Ukikaa nyumbani, anayehesabu anadhani hapo hapaishi mtu."

Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kumsikia akimwambia mtu aende kupiga kura. Sikumjibu.

Tunamshukuru mama Mwikali, mkewe, ambaye kwa miaka hii yote alimpata wakati wa likizo tu. Tunamrudisha kwako, mama. Mikono ina wino kidogo. Nawe Abti, Mungu akupe afya, mvua ya kutosha shambani, na usingizi usio na foleni.

Na jibu langu ni hili. Agosti mwaka kesho, siku ya kura, nitatoka nyumbani mapema. Kadi ya Hani ikiwa imefika, tutakutumia picha ya vidole viwili vyenye wino. Ikiwa haijafika, utaona kimoja, na Hani ndiye atakuwa ameshika simu.