Nilimnyang'anya Mzee Jibu Lake

Bwana apewe sifa, wapendwa wa Kerege! Nasimama hapa nikiwa na furaha tele.

Mnanijua. Mimi ndiye mwenye kile kituo cha habari cha mtandaoni, kituo chenye simu moja na mfanyakazi mmoja. Ndugu zangu, nilikuwa mtumwa wa watazamaji! Naamka, sijasali, nimeshaangalia wangapi wameongezeka. Mgombea akieleza sera zake kwa utulivu, mimi nazima kamera. Nasubiri agombane na mtu.

Siku mbili kabla ya uchaguzi wa udiwani nilikuwa Zinga. Bi Mwanaidi, mgombea, alitoka mkutanoni anawahi kuswali adhuhuri. Mzee Shomari akampa mkono. Bi Mwanaidi akaurudisha wake, akauweka kifuani.

"Shikamoo, babu. Niwie radhi, nina udhu."

Mzee akacheka. "Marahaba, mwanangu. Kaswali, uniombee na mie."

Mimi ni Mkristo, lakini nimekulia pwani hii. Nilijua vizuri kabisa kwa nini hakumshika mkono: angemgusa mwanamume, udhu wake wa swala ungetenguka. Nikayakata maneno yao yote, nikabakiza ule mkono unaorudi nyuma, nikaandika: MGOMBEA AMDHARAU MZEE. Jioni hiyo kila kijiwe kinaitazama video ile. Bi Mwanaidi akazomewa sokoni, na kura zilipohesabiwa akaanguka. Mimi nilikuwa nashangilia watazamaji, Mungu anisamehe.

Kesho yake Mzee Shomari akabisha hodi kwangu. Hakufoka.

"Yule hakunidharau," akasema. "Umenidharau wewe. Nilimjibu vizuri, ukaninyang'anya jibu langu."

Alipoondoka nilianguka sakafuni nikamlilia Yesu. Ndugu zangu, kitu kilinitoka siku ile! Nikairusha video nzima, nikakiri kwa sauti yangu kwamba nilikata makusudi. Waliotazama walikuwa wachache mno. Kisha nikaenda kwa Bi Mwanaidi. Akanisikiliza akiwa mlangoni.

"Nimekusamehe," akasema. "Ila kura hazirudi."

Akafunga mlango. Tangu hapo narusha mikutano mizima, na watazamaji wengi wamenikimbia.

Sasa sikieni! Juzi Bi Mwanaidi amenipigia mwenyewe. "Jumamosi tunakutana na diwani kuhusu maji. Njoo urekodi, ila usikate."

Niliyemwangusha ameniamini tena! Asante Yesu! Nawe unayeficha kosa lako, mwamini Bwana, halafu nenda kabishe hodi kwa uliyemkosea.