Praxeda Robert Ngonyani, Mpika Tofi wa Pongwe

Marehemu Praxeda alizaliwa tarehe 14 Agosti 1962 katika kambi ya mkonge karibu na Pongwe, binti wa Mzee Robert, mkata mkonge aliyetoka Songea. Alimaliza darasa la saba hapo Pongwe mwaka 1977.

Kupika tofi alifundishwa na mama yake: sukari, maziwa na samli, moto mdogo, mkono usiache kukoroga. Tone likiganda kwenye maji baridi, anaipua. Hapakuwa na kipaimara wala Idi mtaani bila tofi zake. Watoto aliwaambia, "Hiki si chakula, ni furaha tu. Ukimaliza, sukutua."

Alifunga ndoa na Anold mwaka 1984. Hawakujaliwa mtoto. Mwaka 1991 Anold alimletea Rafaeli, mtoto wa miaka miwili aliyemzaa nje, akasema, "Lea. Kazi nyingine huna." Akamlea, akamsomesha kwa tofi mpaka chuo. Siku ya harusi ya Rafaeli, Julai 2016, alifika ukumbini na beseni la tofi. Bwana harusi akamwambia mlinzi wa mlango, "Huyu ni wa jikoni, apitie nyuma." Marehemu akapita nyuma, akaosha vyombo mpaka wageni wakaisha. Mdogo wake, Anastazia, alipolia, alimnyamazisha: "Mwache, ana wageni wengi."

Mwaka 2019 aligundulika kuwa na kisukari. Anold alimwambia mbele ya daktari, "Umezilamba mwenyewe." Marehemu hata chai alikunywa bila sukari miaka yote. Macho yalipozima, Anold alimwacha, akahamia Makorora, mjini.

Mwaka huu Rafaeli alipiga simu kutoka Arusha: "Mama, Pasaka nakuja na watoto." Juma la Matawi marehemu aliketi jikoni, akakoroga tofi huku akisikiliza mchemko. Sukari ya moto ilimrukia vidoleni, asihisi, kwa kuwa vilikwishakufa ganzi. Anastazia ndiye aliyeona ngozi imebabuka.

Pasaka nzima, kila pikipiki iliposimama aliuliza, "Ndiye?" Jumatatu Rafaeli akapiga: "Nilisahau kukwambia, tulikwenda Zanzibar."

"Si neno, baba. Zitakaa."

Sisimizi walizimaliza. Kidonda kilipanda mpaka begani, naye akafariki alfajiri ya tarehe 6 Mei 2025.

Ameacha mume, Anold. Mdogo wake, Anastazia. Mwana, Rafaeli, na wajukuu wawili ambao hakuwahi kuwashika.

Mungu ampe pumziko tulilomnyima.