Aliyefunga Husikia Njaa

Jina la Bwana litukuzwe katika nyumba hii, ndugu zangu. Naomba mniruhusu nishuhudie nikiwa nimekaa. Si kiburi. Miguu yangu bado haina nguvu ya kunisimamisha muda mrefu, na maneno niliyo nayo si ya dakika mbili.

Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Upendo wa Singe, fundi cherehani, nashona kwenye baraza la duka la Mama Rukia. Niliishia darasa la saba. Najua mlikuwa mnangoja nije hapa mbele nishuhudie juu ya mfungo wangu, ule mliousikia. Nimekuja kusema ukweli wake.

Nilikuwa mtu mnene. Magoti yaliniuma nikikanyaga cherehani, sukari ikapanda, na presha nayo. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anafanya kazi Arusha. Akatuita huko, tukaenda na Baba Upendo kwenye hospitali moja, na daktari baada ya vipimo akaniandikia sindano ya kupunguza mwili. Unajichoma mwenyewe tumboni mara moja kwa wiki. Kazi yake ni kuondoa hamu ya chakula. Daktari alisema wazi kwamba dawa hii haiendi peke yake. Nirudi mwezi unaofuata nionane na mtu wa lishe, anifundishe namna ya kula nikiwa naitumia. Baba Upendo ndiye aliyesikiliza, maana mambo ya hospitali alikuwa anayashika yeye. Mimi nilikuwa naiangalia ile sindano tu.

Dawa ile inataka baridi, na sisi hatuna friji. Mama Rukia akaniwekea kwenye friji lake la soda, ndani ya mfuko mweusi, kona ya chini. Kila Jumamosi niliingia dukani, nikaichukua, nikajichoma kule stoo, nikairudisha. Waliokuja kununua soda hawakujua kilichoko nyuma ya chupa.

Ndugu zangu, kabla ya siku ya kurudi Arusha, Baba Upendo alifariki. Alikuwa anatoka shambani kwetu Mutuka, kwenye mbaazi, pikipiki ikamgonga. Hakufika hospitali. Siku niliyotakiwa kukaa mbele ya mtu wa lishe, nilikuwa nimekaa mkekani katikati ya kina mama, na jeneza liko sebuleni. Hakuna aliyekumbuka habari za Arusha. Mimi hata jina langu nililisahau.

Lakini sindano haikukoma. Shemeji alimpenda sana kaka yake, akasema hatamwacha mjane wake, akawa anaituma kwa basi ndani ya boksi lenye barafu. Dawa ikaendelea kuja. Mafundisho ya kula hayakuja.

Pale msibani walinilazimisha kula, kama ilivyo desturi yetu. Mmoja anashika bakuli, mwingine kijiko. Nikimeza uji, unarudi. Wakasema ni majonzi. Na majonzi kweli yalikuwepo. Kisha tanga likaanuliwa, watu wakarudi kwao, mwanangu Upendo akarudi shule ya bweni, nikabaki mimi na kuta. Baba Upendo alikuwa na tabia ya kunipigia simu kila adhuhuri, popote alipo, aniulize neno moja tu: "Umekula?" Halafu anakata. Simu ile haikulia tena.

Nataka mnielewe hapa. Sikuwa najizuia. Njaa yenyewe haikuwepo. Chakula kilikuwa mbele yangu kama kipande cha ubao. Nikila matonge mawili ya ugali, tumbo linajaa hadi shingoni. Siku nyingine nilikunywa chai ya rangi nikalala.

Nikarudi kwenye kundi letu la maombi. Uso umeingia ndani, gauni linaning'inia. Kiongozi wetu akasema mbele ya wote kwamba Mungu amenipa neema ya kufunga katika msiba wangu. Sikumkatalia, kwa sababu na mimi nilianza kuamini hivyo. Nilikuwa nimenyang'anywa mume. Nilitaka iwe kwamba kuna kitu nimepewa.

Kina mama wakaanza kuniletea mahitaji yao. Mmoja mtoto wake yuko kwenye mtihani, mwingine mumewe amehama nyumba. Walikuja hata kutoka Sigino. Wakasema, tufungie Mama Upendo, sisi njaa inatushinda. Wengine walitania kwamba nimewazidi hata malaika, maana wale waliomtembelea Ibrahimu walikula. Tulicheka wote. Nikawa nawafungia.

Ndugu zangu, nywele zilianza kutoka na kitana. Mkono ukashindwa kuzungusha gurudumu la cherehani. Ndoo ya maji niliyokuwa nabeba kichwani huku nikiongea, nikawa naiburuta. Na siku ya kuweka msalaba kwenye kaburi la mume wangu, nilishindwa kupanda ule mwinuko mdogo wa makaburini kule Mutuka. Nilibaki chini kwenye gari, nikasikia mnaimba kwa mbali. Msalaba wa mume wangu uliwekwa mimi sipo. Mlisema roho inamuuma sana, mwacheni. Ilikuwa inauma, ndiyo. Lakini kilichonibakiza garini ni miguu.

Ramadhani ikaingia. Mama Rukia huwa anatuletea majirani futari, Wakristo na Waislamu, hachagui. Maharage, magimbi, uji, tende. Mnajua kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Mimi nilikuwa sipiki, sina cha kurudishia, basi nikairudisha na vilevile vilivyokuja, nimefunika na kitambaa chake. Niliona ndiyo adabu. Mara ya kwanza aliipokea tu. Iliporudi hivyo tena, alifunga duka jioni mapema, akaja kwangu na sahani mkononi, akavuta kigoda.

"Mama Upendo, nimekukosea?"

Nikamwambia hapana, nimefunga.

"Haya. Na mimi nimefunga. Jua likizama nafungua. Wewe unafungua lini?"

Nikamweleza kwamba Mungu amenipa neema, sisikii njaa kabisa. Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Mimi tangu mchana naziangalia sambusa za wateja kama mwizi. Aliyefunga husikia njaa, dada yangu. Wewe husikii. Basi hujafunga, unaumwa. Na kile kidude chako kwenye friji langu, kazi yake nini?"

Niliinuka ili nimjibu. Sakafu ikanijia usoni.

Aliita bajaji. Watu wananisimulia kwamba kabla ya kupanda alikimbia dukani, akatoa ule mfuko mweusi nyuma ya soda. Nesi alipouliza natumia dawa gani, mimi sikuweza kusema, akauweka mfuko mezani. Adhana ya magharibi ilimkuta hapo kando ya kitanda changu. Alifungua kwa maji ya chupa aliyoninunulia mimi. Akanywa funda moja, chupa yote iliyobaki akaninywesha kidogo kidogo.

Daktari alisema maji mwilini yamekwisha, damu ni pungufu, na figo zimeanza kuchoka. Alisema ningechelewa kidogo, Upendo angeitwa kutoka shuleni kwa msiba wa pili. Neno hilo sijalisahau. Mwanangu angebaki hana baba, hana mama, na kwenye mazishi mngesema nimekufa katika mfungo.

Pale hospitali ndipo nilipokutana na mama wa lishe, yule niliyepaswa kumwona tangu mwanzo, ingawa si huyo wa Arusha. Aliongea nami taratibu kama mtu anayempimia mwenzake kitambaa. Akaniambia dawa imenyamazisha njaa, lakini mwili haujanyamaza, bado unadai. Ukikosa, hauli mafuta peke yake. Unakula na nyama, unakula na nguvu za miguu. "Njaa ilikuwa kengele yako," alisema. "Kengele imezimwa. Sasa utakula kwa saa."

Basi nakula kwa saa. Kidogo, lakini mara nyingi. Naanza na yai, au samaki wa ziwani kwetu, au mbaazi, au maziwa mgando, ndipo mboga, ndipo ugali ule kidogo. Zamani niliujaza tumbo ugali kwanza, na kwa tumbo hili la sasa hakuna nafasi ya kukosea hivyo. Maji nakunywa hata bila kiu. Nanyanyua kidumu kidogo cha maji nikiwa nimekaa, ili mikono irudi. Sindano daktari aliisimamisha, kisha akaianzisha upya kwa kiasi kidogo, na kila mwezi napimwa. Sukari imeshuka. Sikuja kuwaambia kwamba dawa ni mbaya. Nimekuja kusema kwamba niliitumia bila kufundishwa kula, na ilibaki kidogo nizikwe.

Ndugu mmoja wa maombi aliniomba nisiyaseme haya. Alisema yatawavunja moyo niliowafungia. Yule mtoto alifaulu mtihani. Yule mume hakurudi nyumbani. Sijui niseme nini juu ya hayo, na Mungu ndiye anajua. Ila siwezi kukaa madhabahuni kwake na kuiita neema kitu kilichokuwa kinaniua.

Namshukuru Mungu. Namshukuru kwa sababu nilimlilia anitumie malaika, akanitumia mwenye duka. Wengine mnaona ajabu kwamba wokovu wangu ulikuja na sahani ya futari. Mimi sioni ajabu tena. Yeye humtuma amtakaye.

Ndugu zangu, kama kuna mtu hapa ana mgonjwa anayetumia sindano hizi, usimsifie kwanza jinsi alivyopungua. Mwulize leo amekula nini. Akisema hana njaa, usimwache, mpeleke kwa mtu wa lishe. Na kama kuna aliyefiwa, ambaye chakula kimemkataa, na anadhani Mungu amemwacha au amemtenga kwa ajili ya jambo kubwa, aje kwa Bwana alivyo. Asiogope kusema anaumwa. Mungu hahitaji mifupa yetu. Mwamini, na ukae mezani.

Baba Upendo bado yuko Mutuka chini ya msalaba ambao nilikuja kuuona baadaye, nimeshikwa mkono. Hayo hayajabadilika. Ila simu yangu sasa inalia tena kila adhuhuri. Hakuna mtu upande wa pili. Nimeitega kengele mwenyewe, kwa saa ileile yake. Ikilia nikiwa hapa kati yenu, mniwie radhi. Nina yai kwenye mkoba, nami nitalila mbele zenu.