Jina la Maman Kahambu Kati ya Marehemu

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Maman Kahambu, aliyetutoka Jumatatu hapa Brussels. Maman Kahambu, mwalimu wa historia kutoka Butembo. Mwalimu kweli kweli. Hata ukimwalika harusini, alifundisha.

Turudi nyuma kidogo, mwaka 1992. Huku Ulaya watu walikuwa wakisherehekea miaka mia tano tangu meli za Wahispania zifike Amerika. Maman Kahambu hakuona cha kusherehekea. Alikuwa Matonge, mtaa wetu Wakongo hapa Brussels, kwenye matanga ya jirani, akisonga fufu, ugali wa muhogo, pamoja na mdogo wake, Rolande. Ghafla akasimamisha mwiko.

"Rolande, hii muhogo ilitoka kwa bale bantu ba Amerika. Tunakulaka yabo kila siku. Alors, matanga yabo nani alifanyaka?"

Somo la wale watu, wenyeji wa Amerika, likaanza pale pale jikoni. Wahispania walitaka dhahabu, wakataka na ardhi. Wakawatia wenyeji migodini kwa nguvu. Kazi ile na ndui vikamaliza vijiji kwa vijiji. Wafanyakazi walipopungua, na mashamba ya miwa yakitaka watu, wakaletwa Waafrika kwa minyororo. Wengine walitoka pwani ya kwetu Kongo. Wengi walizikwa bila hata jina. Fufu ikashika sufuria, na hakuna aliyelalamika.

Kesho yake Maman Kahambu akaenda kuwaombea misa. Padri akamjibu kwa upole kwamba misa ya marehemu inataka jina. Majina yao nani anayo? Maman Kahambu akamsogezea padri kalamu. Kisha akasema, "Bon, andika yangu."

Wasikilizaji, mnatujua sisi watu wa Kivu. Jina la mtu mzima wa afya kusomwa kati ya marehemu ni uchuro mtupu. Rolande akamlilia dada yake.

"Yaya, unajiita kwa kaburi!"

"Hapana. Ninabaazima jina tu."

Jumapili ile jina likasomwa. Kanisa zima likageuka. Maman Kahambu alisimama wima, peke yake, kwa niaba ya watu asiowahi kuwaona. Rolande hakumsemesha mpaka Noeli.

"Nilimukasirikia juu nilimupenda," Rolande alituambia jana, machozi yakimlenga.

Na Maman Kahambu hakufa kwa uchuro ule, wasikilizaji. Aliishi, akacheka, akafundisha, hadi presha ilipomchukua mwaka huu wa 1997. Jumapili hii jina la Kahambu litasomwa tena. Safari hii ni lake mwenyewe, na sisi hapa studio tunaumia.

Kwa Rolande, kwa watoto na wajukuu, poleni sana. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mkimega fufu leo, tulieni kidogo. Wakumbukeni waliopanda muhogo ule kwanza, na waliovushwa bahari kwa minyororo.

Jana Rolande alikwenda kwa padri kuandikisha misa ya dada yake. Padri akamuuliza kama kuna jina lingine.

"Ndiyo, mon père," akasema. "Andika Rolande. Ni ya bale bantu."