Ubao wa Shukrani Juu ya Paa la Zahanati ya Mwanhumbi

Ndugu Mgeni Rasmi, sisi wakazi wa Mwanhumbi tunakuamkia na kukushukuru kwa kufika tena, hasa kwa kuwa barabara yetu sasa unaijua. Karibu sana.

HISTORIA
Mwaka 1984 ulituletea paneli ya jua ya kuendeshea jokofu la chanjo. Ulipanda ngazi mwenyewe, ukakata utepe juu ya paa, tukapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Ulipoondoka, kwa shukrani tulisimamisha ubao wenye jina lako kando ya paneli, upande wa mashariki, usomeke kutoka barabarani.

MAFANIKIO
Ubao unasomeka.

MATATIZO
Jokofu halipoi. Muuguzi wetu Zipora, yaani Mama Limi, amehangaika nalo sana. Alifuta vumbi kwenye paneli, akakaza nyaya, akaongeza maji kwenye betri. Wapi. Chanjo za surua zikamharibikia, akazifukia nyuma ya zahanati huku analia. Tulimwona wote, tukajifanya tunatazama ng'ombe.

Mwishowe akamwita Stanslaus, fundi redio wa Maganzo. Fundi alitazama juu, akacheka.

"Mama, paneli haiumwi. Ubao ndio unaikalia. Kivuli kikigusa hata pembe, paneli yote inalegea, na hiki kinaifunika tangu asubuhi hadi karibu na adhuhuri."

Mama Limi akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wetu, Mzee Jilala.

"Shikamoo baba. Naomba tuushushe ule ubao."

"Marahaba. Jina la mkubwa lishushwe na nani? Wewe?"

"Basi tuusogeze tu."

"Mkubwa hasogezwi, mwanangu. Mkubwa huhamishwa, tena kwa barua kutoka juu."

Paneli nayo haikusogezwa, kwa kuwa uliizindua ikiwa pale pale. Mama Limi alirudi zahanati amevimba kwa hasira, na haki alikuwa nayo.

Kuhusu kidhibiti, kile kifaa cha kuzuia betri isijazwe kupita kiasi, fundi alituonyesha viwili: cha volti kumi na mbili, sawa na betri yetu, na cha ishirini na nne. Kamati ya zahanati ilichagua cha ishirini na nne, kikafungwa, kwani ndicho kinacholingana na hadhi yako. Fundi anasema kitaingoja betri ifikishe volti isizoweza kufikisha, huku betri inachemka mpaka ikauke. Hadi leo haijachemka. Kivuli kinaisaidia.

MAOMBI
Tunaomba kidhibiti cha volti kumi na mbili, hata kikiwa kidogo. Tunaomba pia ule ubao wa pili tuliouona kwenye gari lako usipande paa.

Surua imeshaingia kijiji cha jirani, Ndugu Mgeni Rasmi. Hawa akina mama walioketi mbele na watoto mapajani si kwaya. Mama Limi amewarudisha nyumbani mara nyingi mpaka anaona haya kuwatazama. Leo walisikia unakuja, wakadhani jokofu litakuwa limepoa.

Ngazi imeegemezwa ukutani. Tunaomba utamke neno moja tu: "Shusheni." Ukiona zito kulitamka mbele ya watu, tunakuomba uendelee kutusikiliza hivyo hivyo bila kugeuka nyuma, maana Mama Limi ameshapanda.

Mwenyezi Mungu akupe afya, na safari yako ya kurudi iwe ya heri.

Ni sisi,
Wakazi wa Mwanhumbi