Chapuchapu na Ndoo ya Barafu

Marehemu, tuliyezoea kumwita Chapuchapu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, kitinda mimba wa fundi cherehani na mkunga. Mama yake, aliyezalisha wengi, alisimulia kwamba huyu hakumngoja hata avue viatu.

Alisoma hadi chuo kikuu, akahitimu sayansi ya maabara mwaka 1992. Swali moja halikumpa raha: ndani ya tonsili, tezi za kooni, seli za kinga hujipangaje, hizi mtaa huu, zile mtaa ule, bila mjumbe wala kibao? Kila seli ina vipokezi juu yake, mfano wa masikio, vinavyosikia wito wa kemikali na kuielekeza unakotoka. Je, vikiziba? Hapo ndipo alipohangaika maisha yake yote.

Tonsili ikishakatwa huharibika upesi, hivyo kila mara alisimama mlangoni pa chumba cha upasuaji na ndoo ya barafu, aiwahishe maabara.

"Dada, mgonjwa hata hajalala, ushafika?" wauguzi walimtania.

"Nyie kateni, maneno baadaye!"

Mwaka 1996 aliolewa na fundi seremala, aliyemchongea kiti cha maabara. "Kumbe nilichonga cha kutundikia koti," mumewe hulalamika hadi leo.

Agosti mwaka jana shingo yake ilivimba: saratani ya tezi zilezile alizozichunguza. Akaomba kipande cha tezi kitakachobaki baada ya vipimo kipelekwe maabara yake. Kaka yake mkubwa akawaka.

"Mtu hukatwa apone, si atazamwe!"

"Kaka, nimetazama tezi za watoto wa watu miaka yote. Yangu ina mahari?"

Lakini siku ya upasuaji ni kaka huyohuyo aliyetimua mbio koridoni, ndoo kifuani, akiifokea lifti.

Baada ya wiki, Chapuchapu mwenyewe aliinamia hadubini. "Mitaa imevunjika," alisema. "Wamehama bila kuaga. Haya, nani aliwaziba masikio?" Akaagiza jaribio jipya palepale, amesimama.

Alifariki tarehe 2 Juni, mchana, akimuuliza muuguzi kama barafu inatosha.

Ameacha mume, mabinti wawili, kaka, wapwa na wanafunzi. Wanafunzi hamtawaona hapa kaburini. Asubuhi hii kuna mtoto anakatwa tonsili, na ni kaka mtu aliyewapigia simu: "Msije. Mkichelewa huko, atafufuka atugombeze."

Pumzika sasa, Chapuchapu. Ndoo tumeishika.